Mama Mkwe Hakuitikia Sala

Wewe unayenikuta njiani leo, sogea nikupe kwa ufupi, wenzako walishayasikia.

Naitwa Dévote. Ni Mrundi niliyelelewa kambini Kigoma, nikaletwa Texas pamoja na wakimbizi wenzangu, na sasa nafua mashuka ya hoteli moja karibu na uwanja wa ndege wa Dallas. Nakaa Lewisville, ghorofa ya pili, dirisha langu linatazama maegesho ya magari.

Watoto Mungu hakutujalia. Mume wangu Méthode aliacha vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye mashine ya kiwanda kule Fort Worth, kidole cha pete na kile cha mwisho, na tangu siku hiyo pete yake ya ndoa ikawa inalala kabatini. Kisha akasafiri kwenda Brussels kumsalimu mama yake. Kisha wifi yangu Raïssa akapiga simu. Koti la kaka yake limeokotwa kando ya mfereji, mwenyewe haonekani, na maji ya pale hayana tabia ya kurudisha mtu.

Hiyo ilikuwa 2018. Mwaka mzima nilifunga kitambaa cheusi kichwani, na mwaka mzima sikutoa chozi.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Waswahili wanaondoa tanga, sisi Warundi tunaganduka. Mwaka ukitimia ndugu na jamaa wanakutana, wanasali, wanakula na kunywa, mjane anavua nguo za msiba, na maisha yanaendelea. Siku yetu ilikuwa imeshapangwa. Ndipo shoga yangu Theodora, Mhaya wa Bukoba, nesi, mtu asiyejua kunyamaza, akanibana jikoni kwangu.

"Utagandukaje na hujalia? Watu wanaongea, my dear."

"Wanasemaje?"

"Kwamba mjane asiyelia ana lake jambo."

"Sina jambo, Theodora."

"Mimi najua. Wewe uko in shock, mwili ume-shut down. Nenda kayaone hayo maji yaliyommeza. Ukiyaona utalia. Ukilia utapona, nakwambia kama nesi."

Sikuwa na maumivu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa kama fizi iliyochomwa sindano na daktari wa meno. Unajua pana kidonda, unakipapasa kwa ulimi, husikii kitu. Wateja wangekufa wote hotelini, mimi ningekunja mashuka.

Tena kulikuwa na mila ya ukoo wa mume wangu. Aliyekufa majini asipopatikana, huchotwa maji palepale yalipomchukua, yakaletwa nyumbani, yakazikwa badala ya mwili. Raïssa alikuwa ananiahidi kila mwezi kwamba atayatuma. Kila mwezi kuna sababu.

Basi Juni 2019 nikapanda ndege mwenyewe. Nilifuata maji na machozi.

Mama mkwe wangu anaitwa Immaculate, na jina lilimkaa. Ni mwanamke wa kanisa hasa. Misa ya asubuhi haimpiti, rozari haimtoki mkononi, na padri akikosea sala yeye humsahihisha kwa kikohozi. Kule kambini ndiye aliyetufundisha watoto wote sala za Kiswahili, mimi nikiwamo, kabla hata sijajua kwamba nitaolewa na mwanawe.

Nilimkuta kwa Raïssa, kwenye kochi, ana sindano mbili na bonge la uzi wa kijani. Anafuma.

Nikapiga magoti kumsalimu. Akanishika kichwa, juu ya kile kitambaa cheusi, akakishika muda mrefu.

"Umekonda, mwanangu."

"Ni kazi, Mama."

"Si kazi," akasema, na Raïssa akamtazama.

Nikatafuta la kusema. "Joto lote hili, Mama, unamfumia nani?"

"Mtu mwenye baridi."

"Nani huyo?"

"Wako wengi duniani. Kula, chakula kinapoa."

Kesho yake tukaenda mferejini. Raïssa alikuwa na haraka, anatangulia mbele, anageuka, anatungojea.

"Allez, twendeni, mchana naingia kazini."

Niwaambie ukweli, nilitarajia kitu cha kutisha. Mwaka mzima nilikuwa nimeuota mfereji ule. Kumbe ni maji ya rangi ya chai ya rangi iliyolala, yamebanwa na kuta za mawe, jahazi la chuma linapita limebeba mchanga, vijana wanapita na baiskeli. Pembeni kuna mtu anakula mkate.

"Huu ulichimbwa zamani sana," Raïssa akaanza, kama mtu anayetembeza wageni. "Kabla babu zetu hawajamwona Mzungu hata mmoja. Watu wa hapa wanajivunia, watalii wanakuja mpaka wa Japani."

"Ni wapi?" nikamkatiza.

"Wapi nini?"

"Palipookotwa koti."

Raïssa akatazama kulia. Akatazama kushoto.

"Hapa. Hapa pana benchi, Mama atapumzika."

Niliona ajabu kidogo, nikaiacha ipite. Aliyekufa ganzi hashangai mambo.

Mama akakaa benchini na ufumaji wake. Mimi nikasimama ukingoni, nikayakodolea macho maji, nikasubiri kulia. Nikasema moyoni, Méthode, nimekuja. Nikajaribu kumkumbuka siku ya harusi yetu. Badala yake nikakumbuka kwamba sijui kama nimezima jiko Lewisville.

Boti ya watalii ikapita. Mwongozaji anaeleza kwa kipaza sauti, wageni wanatupungia mikono. Raïssa naye akawapungia. Kisha akakumbuka tuko msibani, akaushusha mkono na kujikuna shingo.

"Tuchote maji," nikasema.

Ukuta ni mrefu, maji yako chini. Raïssa akatoa chupa ndogo ya maji ya kunywa, akaimalizia, lakini kamba hatukuwa nayo. Ndipo Mama, bila kuinua uso, akakata urefu wa uzi wake wa kijani, akaukunja mara kadhaa, akaniletea. Tukafunga shingo ya chupa, tukaishusha, ikazama, tukaivuta. Uzi ule mnene haukukatika. Nikafunga kifuniko na kuuacha uzi palepale shingoni.

"Sasa tusali," nikasema.

Mjane ndiye aliyetakiwa kuanzisha, nikaanzisha. Baba Yetu, Mama akaitikia kwa sauti ya kanisani, mpaka yule wa mkate akageuka. Salamu Maria, akaitikia. Atukuzwe Baba, akaitikia.

Nikafika mahali pake.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Kimya.

Raïssa akadakia mbiombio, "Na mwanga wa milele umwangazie."

Nikageuka. Mama alikuwa amebana midomo, macho yako kwenye sindano. Nikadhani hakusikia. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

Sindano zikaendelea. Mama, hapana.

"Mama, huitikii?"

"Endeleeni tu."

"Ni mwanao tunamsalia."

"Koo limenikauka."

"Mama amechoka," Raïssa akasema, ameshamshika mkono kumwinua. "Jirani yangu Anne yule pale barabarani na gari lake, tumuombe lifti. Twendeni, twendeni."

Wewe usiye Mkatoliki, nikueleze. Ile ni sala ya marehemu. Humsalii nayo mtu aliye hai, ni kama kumchimbia kaburi na bado anakula ugali. Na mwanamke huyu nilimwona kambini akiwasalia waliokufa kwa kipindupindu, asiowajua hata majina. Nilimwona akimsalia mwizi wa mbuzi aliyepigwa na watu hadi kufa, wenzake wakamcheka. Hakuwahi kumnyima marehemu sala ile. Leo anamnyima mwanawe wa kumzaa.

Nikajiambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, labda bado hajakubali. Nikapanda gari na chupa yangu mapajani. Machozi sikuyapata.

Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, Raïssa alikuwa anahangaika na mashine ya kulipia maegesho. Mama akanivuta kando, akanipa kifurushi laini kilichofungwa kwa karatasi na kushonwa kwa uzi.

"Hiki mpe Egide. Mkononi kwake."

Egide ni mdogo wake Méthode. Anakaa Stafford, kule Houston, nusu siku ya gari kutoka kwangu. Anapakia maboksi kwenye ghala la vyakula vya kugandisha. Macho yake ni mabovu tangu utoto, leseni hakupata, kila aendako anaendeshwa.

"Nitampa, Mama."

"Wakikuambia njiani ufungue, fungua."

"Haya, Mama."

"Umenisikia? Usikatae. Fungua."

Raïssa akarudi. Mama akanichora msalaba kwenye paji la uso na kidole gumba, akaondoka bila kugeuka.

Pale uwanja wa ndege wa Dallas nilijaza kwenye fomu kwamba nina chakula, maana nilikuwa nimebeba ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na Mrundi gani anavuka bahari bila ndagala. Nikasukumwa pembeni kwa ofisa mmoja mnene, mpole, wa kukagua mizigo. Akawanusa ndagala wangu, akakunja pua, akawaweka upande. Akaitoa chupa.

"Hii ni nini?"

"Mume wangu," nikamjibu.

Alinitazama. Akayatazama yale maji ya rangi ya chai na kile kiuzi cha kijani shingoni. Nikamweleza kwa maneno machache, Kiingereza changu cha kufulia. Akaishusha chupa mezani kwa mikono miwili.

"Pole sana, ma'am," akasema. "Na hiki?"

"Zawadi ya shemeji yangu. Mama mkwe kamfumia."

"Naweza kufungua?"

Wakikuambia ufungue, fungua.

"Fungua."

Akakata uzi. Ndani mlikuwa na glovu. Nene, za kijani, uzi uleule. Ya kulia akaigeuza, akaipapasa vidole kimoja kimoja kutafuta chochote kilichofichwa, akaiweka. Ya kushoto akaipapasa, akasita. Akaingiza mkono wake ndani. Ukakwama.

"Huyu mama uzi ulimwishia?" akanitania. "Hii ina vidole vitatu tu."

Mwenye macho haambiwi tazama.

Niliichukua. Uzi haukuwa umemwishia. Pale pa kidole cha pete na kile cha mwisho pamefumwa pakafungwa bapa, safi, bila fundo, na mtu anayeujua mkono ule tangu alipouzaa. Egide ana vidole vyote kumi, mimi mwenyewe nimewahi kumkata kucha akiwa mgonjwa.

Nani Texas anavaa sufu mwezi Juni? Anayeshinda ndani ya ghala la barafu.

"Ma'am? Uko sawa?"

"Niko sawa," nikasema, na nilikuwa sawa, ndilo tatizo lenyewe. Nikakunja glovu kama mashuka ya hoteli.

Sasa nakiri kwenu, kwa sababu kwa padri nimeshindwa. Mke mwema angepiga magoti palepale kwenye zulia la uwanja wa ndege, aseme asante Mungu, mume wangu yu hai. Mimi nilisimama mbele ya mikanda ya mabegi nikamwomba Mungu kwamba Méthode awe amekufa. Nilitaka awe amekufa kweli, amekufa kabisa, yuko chini ya lile jahazi la mchanga. Maana kama amekufa, basi ni maji yaliyomchukua. Kama yu hai ni yeye aliyeondoka, akapita juu ya kichwa changu kwa ndege, akaenda kukaa nusu siku ya gari kutoka kitandani kwangu, akaniacha nimvalie nyeusi na kuulizwa kwa nini silii.

Na hata hapo sikulia.

Theodora alikuja kunichukua. Kabla sijafunga mlango wa gari ameshauliza.

"Umelia?"

"Bado."

"Jamani Dada Dévote! Hata kule kule?"

"Hata kule."

"Basi Jumamosi utalia. Wanawake wote tutakuwepo, tutakusaidia."

Sikumwambia. Theodora nampenda, lakini siri ukimpa unaikuta kanisani inakusubiri. Tena nilikuwa sijamaliza kuamini. Glovu haizungumzi. Huenda mzee kachanganyikiwa, anamfumia maiti. Huenda. Nikampigia Egide.

"Shemeji, karibu nyumbani! Umefika salama? Mama hajambo?"

"Hajambo. Ana mzigo wako."

"Mzigo gani?"

"Sijui, umefungwa."

"Ah. Nitauchukua Jumamosi, kwenye shughuli."

"Utakuja na nani? Nimtume mtu akufuate?"

"Hapana, hapana! Yupo mtu wa kunileta."

"Nani?"

"Mtu tu, shemeji. Wa kazini."

Jumamosi ukumbi wa parokia ukajaa. Warundi wa Fort Worth, wa Lewisville, wa mpaka Cedar Hill, na Watanzania wa Theodora waliokuja na masufuria ya pilau. Mbele kuliwekwa meza, kitambaa cheupe, picha ya Méthode anacheka, mshumaa, na chupa yangu. Baada ya sala tulitakiwa tukayazike yale maji, kisha nivuliwe kitambaa cheusi mbele ya watu wote, niwe mtu tena.

Egide akaingia na miwani yake minene, akakaa mstari wa mbele.

"Dereva wako yuko wapi?" nikamuuliza.

"Nje. Ni mtu wa haya."

"Mwambie aingie, chakula kipo."

"Ameshakula, shemeji. Kabisa. Ameshiba."

Mjane huketishwa kando ya meza, anawaelekea watu. Siku nyingine ningeona aibu. Siku ile nilishukuru, maana niliiona midomo yote.

Katekista Sospeter, mzee wetu, akasimama na kitabu chake ambacho hakihitaji. Baba Yetu. Ukumbi ukaitikia, Egide akaitikia. Salamu Maria. Egide akaitikia, tena kwa nguvu.

Nikamkazia macho.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana."

"Na mwanga wa milele umwangazie," ukumbi mzima ukasema.

Egide alikuwa anatazama viatu vyake. Midomo ameibana. Niliiona midomo ya mama yake palepale usoni pake, vilevile kama benchini kule, ilikosa sindano tu.

Mama Immaculate alijua kudanganya watu, lakini Mungu alikuwa hamwezi. Na mtoto huyu alikuwa ameshika mafundisho.

Sospeter alikuwa anaanza mara ya pili nilipoinuka. Nikachukua glovu chini ya kiti changu, nikazivuka zile hatua chache, nikamwekea magotini.

"Mama amekutumia. Vaa."

"Baadaye, shemeji."

"Vaa tuone kama zinakutosha."

Wanawake wa nyuma wakatingisha vichwa kwa heshima, walidhani ni sehemu ya mila yetu. Egide hakuwa na pa kukimbilia. Akavaa ya kulia, ikaingia vizuri. Akaijaribu ya kushoto. Vidole vitatu vikaingia, viwili vikabaki nje vimejikunja, havina nyumba. Akakaa hivyo hivyo, mkono nusu ndani nusu nje, jasho linamtiririka.

"Shemeji, nakuomba," akanong'ona. "Si hapa."

"Wapi basi?"

Yale macho yake mabovu yakakimbilia dirishani.

Nikayafuata. Nje, juani, kulikuwa na gari la kijivu limeegeshwa mbali na mengine, vioo vimepandishwa, injini inaunguruma. Joto lile la Texas hakuna anayeacha injini na kiyoyozi vinafanya kazi kama ndani ya gari hamna mtu.

Ndipo lilipotoka. Chozi la kwanza lilidondoka juu ya glovu, na mengine yakalifuata bila kuniomba ruhusa. Koo likafunguka, kifua kikafunguka, nikasikia sauti inatoka kwangu kama ya mnyama. Mwaka mzima wa machozi, na yote yamekuja kumlilia mzima.

"Amelia!" mama mmoja akapiga kelele. "Asifiwe Mungu, amelia!"

Kigelegele kikapigwa. Theodora alikuwa analia kunizidi. "Let it out, my dear! Toa yote!"

"Mpisheni," mwingine akasema, "anataka hewa."

Wakanipisha. Nikamvua Egide zile glovu, nikapita mezani, nikaichukua chupa, nikatoka nayo. Nyuma yangu Sospeter, mtu wa utaratibu, akaanza mara ya tatu.

Nilitembea na kilio changu mpaka kwenye gari. Nikagonga kioo kwa kitako cha chupa. Hakikushuka. Nikagonga tena, kwa nguvu.

Kikashuka.

Hewa ya baridi ikanipiga usoni. Kofia ya kufunika macho, ndevu ambazo hakuwa nazo. Na juu ya usukani, mkono wa kushoto, vidole vitatu.

Alikuwa amenenepa. Kilo nilizopungua mimi zote zilikuwa kwake.

Akanitazama, akakitazama kitambaa cheusi kichwani kwangu, akazitazama glovu mkononi. Nami nikasubiri. Ningepokea chochote siku ile. Samahani. Mke wangu. Hata jina langu tu.

Méthode akanyoosha mkono kuelekea glovu.

"Mama hakutuma na soksi?" akauliza.

Machozi yakakatika palepale. Ile ganzi ikarudi, ikapanda kutoka miguuni, na safari hii niliikaribisha. Kule ndani ukumbi mzima ukasema kwa sauti moja, "Apumzike kwa amani. Amina."

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa.

"Dada Dévote!" Theodora anaita, kajikinga jua kwa kiganja. "Uko wapi? Tunakusubiri uvue kitambaa!"

Méthode akateleza chini ya usukani. "Dévote, nakusihi. Wakiniona nimekwisha."

"Umeshakwisha mwaka sasa," nikamwambia.

Theodora alikuwa ameshaniona, anakuja mbio na viatu vyake virefu vinazama kwenye lami laini. Ningemngoja. Ningepiga yowe tu, ukumbi mzima ukamwagika nje, na mambo yakaishia palepale kwenye maegesho.

Nikazunguka gari, nikafungua mlango wa pili, nikaketi, nikafunga mkanda. Ile chupa nikaichomeka katikati yetu, kwenye tundu la kuwekea vikombe, na kiuzi chake cha kijani kikaning'inia.

Akaitumbulia macho. "Hii nini?"

"Ni wewe," nikasema. "Endesha."